Kikombe cha Seremala

Benchi langu la kahawa liko kati ya duka la dobi na kibanda cha fundi redio, na wanaolikalia wana midomo isiyojua likizo. Juzi Seremala alikwenda kupigwa picha ya eksirei ya jino. Tangu arudi, fundi redio, tunayemwita Profesa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mwalimu wake, ameniamuru nimtengee Seremala kikombe chake. Seremala mwenyewe kawekwa kwenye ncha ya benchi, kama abiria aliyeshushwa njiani.

— Mionzi haitoki upesi, akasema Profesa. Inakaa kwenye mfupa.

— Kama pasi, akadakia Dobi. Mkaa nimeshamwaga, chuma bado kinaunguza.

— Umeona? Na yule mpiga picha alimwacha ndani peke yake, akakimbilia nyuma ya ukuta. Kwa nini?

— Hakukimbia, akasema Seremala. Alitembea.

— Haraka?

— Kiasi.

— Basi.

Dobi akajisogeza mbali zaidi.

— Akipita tu hapa, redio zangu zinakoroma, Profesa akaongeza.

— Zinakoroma tangu uzifungue, nikamwambia.

— Bibi, wewe mimina kahawa.

— Na usiku je, Dobi akauliza, mwili hautoi mwanga?

— Sijatazama, akasema Seremala. Nalala sebuleni. Mtoto hata shingo haijakaza. Sijambeba tangu juzi. Akilia, nasimama mlangoni.

Profesa akakohoa.

— Vumilia. Mpaka mwezi uandame, utakuwa umepoa.

Hapo akatokea mwanamke ambaye hajawahi kufika kijiweni petu, kifurushi cha khanga kifuani. Mke wa Seremala.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu.

— Hawa ndio madaktari wa mume wangu?

— Ndio hao.

Akamgeukia Profesa.

— Shemeji, taa ya chumbani ukiizima, mwanga unabaki kitandani?

Profesa akamtazama Dobi. Dobi akatazama viatu vyake.

— Nimetoka kliniki kuuliza, akasema mwanamke. Mashine ikinyamaza, mionzi imekwisha. Haikai mwilini, wala haimrukii mtu. Yule mpiga picha anatoka nje kwa sababu anapiga watu picha kutwa, mwaka mzima. Huyu kapigwa moja, mionzi kidogo tu, na jino lilihitaji kuonekana.

Hakungoja jibu. Akamwekea mumewe mtoto mapajani. Seremala akampokea kwa viganja vile vya kusukumia randa, kama anapokea kioo, na mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu juzi, yakashuka. Mtoto akapiga chafya, akalala.

Mimi nikachukua kikombe kilichotengwa, nikakijaza, nikampa Profesa. Akakizungusha. Akachungulia ndani. Akainua macho, akatukuta sote tunamtazama.

Akanywa.