Mazoon binti Ghaith na Viti vya Mahameli

Kwa niaba ya wanawe, Nadra na Yaqdhan, mimi Majid bin Ghaith, mdogo wake, nnasimama katika sabla hii, ukumbi wa mtaa wetu wa Al Khoudh, kukusomeeni maisha ya dada yangu, na nnaomba radhi mapema kwa watakaoona nimesema mengi, kwani yeye mwenyewe hakuwa na tabia ya kufupisha maneno ili wakubwa wastarehe.

Bi Mazoon alizaliwa Vuga, Unguja, tarehe 14 Machi 1957, akasoma huko hadi mwaka 1974 wazee wetu walipohamia Maskati, akamalizia masomo hapa huku wenzake darasani wakimcheka anavyotamka Kiarabu, na mwaka 1981 akarudi kutoka Misri na shahada ya Kiarabu hichohicho walichomchekea.

Alifundisha skuli ya wasichana Sib kwa miaka thelathini na moja, na kila mwisho wa mwaka aliwatungia wanafunzi wake mchezo wa kuigiza. Tarehe 9 Septemba 1982 aliolewa Darsait na Mutasim bin Yaqdhan, mhandisi wa maji, mtu mpole aliyempigilia majukwaa ya mbao kwa mikono yake, wakajaaliwa Nadra mwaka 1984 na Yaqdhan mwaka 1987, na Mutasim akatangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Alipostaafu, mwaka 2012, aliunda kikundi cha wanawake saba, yeye akiwemo, walimu wastaafu na mabibi wenye wajukuu, akawaandikia mchezo wa fundi cherehani anayemshonea nguo bibi harusi asiyetaka kuolewa, na mchezo huo ukaalikwa katika tamasha la kiangazi la nchi moja ya Kiarabu ya kaskazini, linalofanyika katika ukumbi wa kale wa mawe, usio na paa, uliochongwa ubavuni mwa mlima tangu zama za Warumi. Barua ya mwaliko ilikuwa na jina lake peke yake, lakini mara ikazuka kamati ya msafara, wanaume kumi na mmoja wa kuwasindikiza wanawake saba, na katika hao kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyewahi kuusoma mchezo wenyewe.

Jumamosi ya tarehe 22 Julai 2017, kamati iliwasimamisha waigizaji juani tangu saa tisa mchana, wamevaa nguo nzito za harusi, ili mgeni rasmi akifika awakute wamejipanga, na mgeni akafika saa moja kasoro, wakati Bi Bashayer, mwenye miaka sitini na tisa, ameshaanguka kwa joto na kumwagiwa maji. Zikafuata hotuba, zikafuata picha, kisha mchezo ulipoanza tu, mgeni na kamati nzima wakainuka kwenye viti vya mahameli vilivyopangwa mbele, wakanyata kuelekea kwenye karamu.

Dada yangu akasimamisha mchezo. Akawaambia, kwa sauti iliyopanda hadi ngazi ya juu kabisa bila ya kipaza sauti, "Msinyate, ndugu zangu, tembeeni tu. Hatukukujieni nyinyi."

Kisha akawatazama watu wa mji ule, waliobanana na watoto wao kwenye mawe huko juu, akasema, "Shukeni. Viti hivi vimepata nafasi."

Wakashuka wakicheka, kina mama na vikapu vyao, wakakaa kwenye mahameli, na mchezo ukaanzwa upya na kuchezwa hadi mwisho.

Kamati iliporudi Maskati iliandika kwamba Bi Mazoon hana adabu, ikataka aombe radhi kwa maandishi, na cheti cha tamasha mwenyekiti akakitundika ofisini kwake, yeye ambaye alichokiona cha mchezo ule ni pazia. Dada yangu hakuomba radhi, na tangu siku hiyo hakualikwa popote, jambo lililomuuma kuliko alivyokubali kusema, maana nilimkuta mara mbili uani kwake akifanya mazoezi peke yake, na hakupenda kuonwa.

Mwaka 2023 alishikwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwezi uliopita mwenyekiti alimpelekea ujumbe hospitali kwamba wangemtunuku nishani lau angetia saini mistari miwili ya kuomba radhi, naye akamjibu mjumbe, "Mwambie nnaumwa figo, siumwi kichwa." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, akazikwa siku hiyohiyo hapa Al Khoudh.

Jana kamati ilinipa ukurasa uliochapwa, nikusomeeni jinsi ilivyomlea na kumkuza. Nimeurudisha, na waliouandika wamo humu, wamekunywa kahawa yetu, Mungu awape afya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake wa Sib, wanawake sita wa kikundi chake, na Nankya, binti wa Kiganda aliyemuuguza miaka miwili, akamwogesha, akamsomea, akamlilia kuliko sisi. Kamati hatuna la kuishukuru.

Dada yangu, sikuwahi kukwambia hili ukiwa hai, nilikuwa nnakuonea fahari hata nikaona haya kulisema. Pumzika sasa, kwa amani usiyoinunua kwa uongo.