Shetani Hakushika Spana

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Huko nyuma mmeitikia kama watu walioamshwa na askari, lakini sawa, mtaamka tu.

Ndugu zangu, mimi naitwa Violet. Walionizoea huniita Mama Tabby. Naishi Kabiro, kule Kawangware, nashona viti vya magari pale Riruta Satellite, na hapa Kianda nimeabudu tangu kanisa hili likiwa mabati matupu bila hata mlango. Nimeokoka na ninampenda Yesu. Nasema hivyo mapema kwa sababu leo nimekuja na hasira, na sitaki mtu aseme baadaye kwamba ile ilikuwa hasira ya mtu ambaye hajaokoka.

Pasta ameniita nishuhudie jinsi Mungu alivyomshinda shetani kwenye ule mteremko wa njia ya Magadi. Habari mmeshaipata kwa simu zenu. Mmeambiwa pepo la barabarani lilirukia gari langu, likashika breki, na tukapona kwa sababu ya maombi ya ndugu. Wengine mmeshaitikia amina na mkaweka picha za moto. Nitashuhudia, pasta. Lakini nitashuhudia kile nilichokiona mimi, nikiwa nimelala kifudifudi chini ya gari langu mwenyewe.

Gari langu mnalijua. Ni lile dogo la kijani kilichobabuka, la kupanda milima, ambalo watoto wa huku hulikimbilia likirudi na matope mpaka kwenye vioo. Naliita Jembe. Nililipata likiwa limetupwa kwa ploti ya mtu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Viti nilishona mwenyewe. Oili nabadilisha mwenyewe. Karbureta niliifungua nikaisafisha kwa mswaki, wanaume wamesimama pale wakingoja kucheka, na waliondoka mmoja mmoja gari lilipowaka. Mwenye ploti ninakokaa amechoka na mimi, kila Jumamosi anapiga kelele kwamba uwanja wake umegeuka gereji. Akikasirika nampikia chai. Jamani, hakuna raha kama ile ya kuingia kwenye matope ambayo watu wazima wameyakimbia, gari linanguruma, linatetemeka, halafu linatoka!

Ndiyo maana nilifurahi sana kujiunga na kikosi chetu cha magari. Mnatujua, ni sisi tunaopeleka unga, mablanketi na vijana wa kwaya kwenye makanisa ya porini, kule ambako magari ya kawaida hayafiki. Sisi ni watu wa karibu. Mmoja akivunjikiwa na kitu, wengine wanaleta spana, wanaleta mate ya kutosha ya kubishana, na wanaleta chapati. Na kiongozi wetu ni Ndugu Wafula, mzee wa kanisa hili, aliyekaa pale mbele na koti lake la bluu. Yeye ndiye fundi wetu. Gereji yake iko Kawangware, haina ukuta wala paa, lakini magari yote ya kikosi yamepita mikononi mwake.

Wafula ndiye aliyeyapandisha magari yetu juu. Kwa ambao hawajui, kupandisha ni kutoa zile springi za kawaida na kuweka ndefu, ili tumbo la gari lisigonge mawe. Gari likipandishwa linakuwa na kifua. Linapendeza, sikatai. Jembe lilipotoka kwa Wafula nililizunguka kama bibi harusi.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Gari likitengenezwa, kikosi chote kinakuja. Tunaliwekea mikono kwenye boneti, Wafula anapaka kila gurudumu mafuta ya upako, tunaimba, tunamfukuza adui. Hiyo si mbaya! Sikilizeni vizuri, wala msiende kusema Mama Tabby amekataza maombi. Ubaya ulikuja polepole. Ilifika mahali gari likishaombewa, mtu akiinama kuangalia chini yake anaonekana hana imani. Nani alileta hiyo sheria? Hakuna anayejua. Lakini ilikuwepo, na tuliishika kuliko sheria za barabarani.

Mimi nilitaka kuinama. Siku ile ile, mafuta ya upako hayajakauka kwenye magurudumu, nilimwambia Wafula, "Ndugu, acha niangalie ile mipira ya breki, maana gari limeenda juu." Akatabasamu. Mnalijua lile tabasamu lake. Akaniambia, "Dada Violet, tumeshaliombea. Wewe bado unachunguza?" Watu wakacheka. Na kijana wetu mmoja, Kevo, akanipiga bega, "Mathe, wacha stress. Si gari imewekewa mikono? Hata ikikosa dereva itafika." Wakacheka zaidi, na mafuta yakarudishwa kwenye chupa, na tukaenda kula chapati.

Ndugu zangu, mipira ya breki si siri ya mafundi. Ni ile mipira myeusi inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Imepimwa kwa urefu wa gari lilivyotoka kiwandani. Ukilipandisha gari, gurudumu linakaa mbali zaidi na mwili, kwa hiyo mpira nao lazima urefushwe. Usiporefushwa, siku gurudumu litakapoingia shimoni na kuning'inia, mpira utavutika mpaka utachanika. Basi. Hakuna pepo hapo. Hapo kuna mpira mfupi.

Siku ya safari nilikuwa nimebeba wasichana wawili wa kwaya na magunia ya unga. Tulivuka korongo kavu lenye mawe, gurudumu la mbele likaning'inia hewani, watoto wakapiga vigelegele, na mimi pia nikapiga. Hatukujua kwamba pale ndipo mpira ulipochanika. Tulitoka, nikarudisha gia ya kawaida, barabara ikaanza kuteremka. Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini kama nimekanyaga maji.

Nilikanyaga tena. Breki ya nyuma ilishika kidogo, lakini na yale magunia yote ya unga, gari lilikuwa linaenda tu. Nilivuta breki ya mkono, ikalia, ikanuka, gari likaenda tu. Nikarudisha gia chini kwa nguvu, injini ikapiga yowe. Mbele yetu barabara ilikuwa inapinda, na baada ya kona hakukuwa na kitu, hewa tu na bonde. Nyuma yangu mtoto mmoja alikuwa anaita mamake. Si mimi, mamake. Hiyo sauti bado iko na mimi nikiosha vyombo.

Nikasema, "Yesu!" Hiyo tu. Sikuwa na ombi refu. Na upande wa mlima nikaona tuta la udongo mwekundu, laini, pale walipokuwa wamechimba kupanua barabara. Nikalipeleka Jembe pale kwa ubavu. Tuligonga, tukaburuza, tukainama, tukasimama. Unga ulipasuka, tukawa weupe wote watatu kama mandazi kabla hayajakaangwa. Na watoto walikuwa wazima! Mikwaruzo tu! Huyo ndiye Mungu ninayemshukuru leo. Aliweka udongo laini mahali pake, akanipa macho ya kuuona. Haleluya! Hapo itikieni kwa nguvu, hapo ni kweli!

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa.

Kikosi kikafika mbio. Wafula akashuka, akaangalia ubavu wa Jembe uliobonyea, akainua mikono na kupaza sauti, "Adui amepiga!" Na wote wakaanza kukemea. Wakazunguka gari wakikemea. Wasichana wanatetemeka kando ya barabara, hakuna aliyewapa maji, watu wanakemea barabara! Mimi nikalala chini, nikajivuta mpaka kwenye gurudumu la mbele, na nikauona. Nikaufungua kwa mikono hii.

Huu hapa. Nimekuja nao kwenye pochi. Upitisheni mkono kwa mkono, usiogope kuushika, dada, umeshakauka. Mnaona ulivyokatika pale mwisho? Mnaona ulivyo mfupi? Ni ule ule uliotoka na gari kiwandani. Haukuguswa. Springi mpya, upako mpya, mpira wa zamani.

Nilimwonyesha Wafula pale pale. Aliuangalia, ndugu zangu, aliuangalia vizuri, yeye ni fundi. Halafu akasema, "Dada, usimpe shetani nafasi ya kukugombanisha na mtumishi." Na jioni hiyo simu zenu zikaanza kupokea habari za pepo.

Pasta, usinipungie mkono, sijamaliza. Wewe ndiye uliyeniita.

Nina hasira! Nina hasira na kila mtu anayefanya kazi nusu na kumsingizia shetani ile nusu nyingine. Shetani ana makosa yake mengi, lakini hakushika spana. Hakukaa Kawangware akifunga springi. Nina hasira na sisi sote tuliocheka siku ile, na pia wale waliosema mwanamke hajui kuendesha mlimani. Niliwaendesha watoto wenu bila breki nikawarudisha wakiwa hai, nani kati yenu anaweza? Na nina hasira zaidi kwa sababu Mungu alituokoa, na badala ya kushukuru kwa kuinama, tunashukuru kwa kutunga uongo. Huo si ushuhuda. Huo ni kumtumia Mungu kufunika mafuta yaliyomwagika.

Hamniulizi kwa nini nasemea hapa mbele na si kando? Ni kwa sababu kando nilishasema. Nilienda gerejini, akaniambia atafunga na kuomba. Nilimpigia, hakushika. Na Jumamosi hii kikosi kinaenda tena. Magari yale mengine yote, yamepandishwa na mikono ile ile, yameombewa kwa chupa ile ile. Nimeuliza wenye magari, hakuna hata mmoja aliyeangalia. Na kwaya nzima imeshaandikwa kwenda. Majina yako pale ukutani, yasomeni. Huyo ni mtoto wa nani? Huyo je?

Wafula, mimi sikuchukii. Ulinifundisha kutoa gari kwenye matope, na nitalikumbuka hilo mpaka nizeeke. Lakini leo sitakuombea kabla hujainama.

Basi ndugu zangu, mwaliko wangu ndio huu, na najua si ule mliouzoea. Mtumainini Bwana. Mtumainini kwa moyo wote, mimi ni shahidi kwamba husikia hata mtu akiita neno moja. Lakini anayemtumaini haogopi kuangalia chini ya gari. Magari yote manne yako hapo nje, yamepangwa kando ya ukuta. Nimekuja na jeki na magunia ya kulalia. Wenye kuja mbele wasije hapa madhabahuni, waje kule. Piano inaweza kuendelea kupigwa.

Ni nani atakuwa wa kwanza? Nangoja. Mimi ni fundi wa viti, nimezoea kungoja gundi ikauke.

Nani huyo amesimama? Tafadhali mpisheni. Ni Mama Neema. Kwa wageni, huyu ni mke wa Ndugu Wafula, na Neema wao anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mama, huna haja ya kusema kitu. Unavua viatu? Sawa, vua, kule nje kuna matope.

Haji kwangu. Anaenda kwa mumewe. Amenyoosha mkono.

"Wafula," anasema, mmemsikia wote, "leta funguo za gari. Na wewe kuja ulale chini kwanza."

Bwana asifiwe! Wafula anasimama. Anatoa koti.