Ufunguo Uliotundikwa Kundini

Pale Mwankoko, Singida, barabara ya vumbi inapojipinda kukwepa jiwe ambalo hata greda lilishindwa nalo, kuna benchi la mbao, jiko la mkaa na birika la Bi Sikudhani. Nyuma ya benchi, kwenye mwimo wa kibanda, kuna msumari wa inchi sita. Mtu wa mtaa huo akienda shamba au safari, hutundika hapo ufunguo wa nyumba yake, na ndugu yake akija huuchukua. Mwaka wa kumi na tisa huu, haujapotea hata mmoja. Mzee Chediel alikufa akiwa safarini, na ufunguo wake wanawe waliukuta hapo hapo, haujapata hata kutu. Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kujisifu, ila hilo alilisema kila siku, mara mbili siku za gulio.

Asubuhi hiyo alikuja Luciana, fundi cherehani, na begi la safari na laptop ya kuazima.

– Shikamoo bibi.

– Marahaba. Unahama au umefukuzwa?

– Nakwenda Manyoni, basi la saa sita. Mdogo wangu kajifungua kwa upasuaji, nitakaa mwezi. Na nina sare za kwaya, wanawake arobaini, vipimo vyote viko kwenye kompyuta nyumbani.

– Si uibebe.

– Lile dude la mezani? Halafu Martina, msaidizi wangu, anabaki anapima watu na kuandika humo humo kila siku. Nataka nikiwa Manyoni niwe naingia, naangalia, nakata vitambaa huko huko.

Bi Sikudhani akaacha kupuliza mkaa. Kuingia nyumba ya Mwankoko ukiwa Manyoni! Umri wake wote alijua njia mbili za kuingia nyumba ya mtu: mlango, na dirisha kama ni mwizi.

– Mtu anaingiaje? aliuliza.

Hapo ndipo Elisha alipojiweka sawa kwenye benchi. Wanamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kufufua redio iliyoangukia kisimani. Haya ya kompyuta alijifunza kwa kutazama video kwenye simu.

– Jana nimeshinda kwake, bibi. Kwanza alikuwa anaingia kwa neno la siri. Neno lenyewe jina lake na namba moja mwishoni.

– Hata mimi ningeanzia hapo, alisema Gasto, ambaye wanamwita Kamati kwa sababu hajawahi kukosa ujumbe wa kamati yoyote.

– Na wezi wa mtandaoni wanaanzia hapo hapo. Wana mashine, Kamati, inabisha hodi mchana kutwa, neno hili, neno lile, haichoki. Sasa kompyuta inatengeneza kufuli na ufunguo wake, kwa pamoja. Kufuli nimelipachika kwenye lile dude la nyumbani. Hilo hata ulimwengu mzima ukilitazama, haidhuru. Ufunguo uko humu kwenye laptop. Nilipoona unafungua, mlango wa neno la siri nikauziba kabisa.

– Na hivyo vipimo vinapita wapi kufika Manyoni? Angani? Kamati alidakia. Upepo huu wa Singida unang'oa mabati. Kiuno kitoke hapa thelathini na mbili, kifike huko arobaini na tano, utamlaumu nani?

– Vinasafiri vimefungwa, havisomeki njiani.

– Mimi nasikia ukiingia kompyuta kwa mbali, unaingia na hali ya hewa ya huko. Ndiyo maana za maofisini zinaganda. Zinaingiwa na watu wa Ulaya.

– Kamati, kunywa kahawa, alisema Bi Sikudhani. Mwanangu, tuonyeshe.

Luciana akafungua laptop, akawasha data ya simu, akaandika, akabonyeza. Maandishi meupe yakajaa kioo cheusi.

– Nimeingia! Huyu hapa wa juu, mke wa mchungaji, nyonga...

Akajikatiza mwenyewe, akafunga laptop kama mtu aliyeona nyoka sufuriani.

– Haya yakitoka nje, nibaki huko huko Manyoni. Mwaka juzi mtu alichungulia daftari langu, wanawake wawili mpaka leo hawapeani mkono ibadani.

Benchi zima lilibaki likiwaza nyonga. Kamati ndiye aliyerudi mapema.

– Na hiyo laptop ikiibiwa kwenye basi? Ufunguo wa akiba uko wapi?

Wote wakageuka, hakuna aliyewaambia, wakatazama msumari.

– Sina simu ya kuuwekea, alisema Bi Sikudhani, na ilimuuma. Hii yangu ni ya kupokea na kukata. Lakini kijiwe si kina kundi la WhatsApp? Mnapotumiana picha za misiba. Utundikeni huko. Ni msumari huu huu.

Elisha akakuna kichwa.

– Kwenye video walisema ufunguo usiutoe...

– Walisema usimpe mtu usiyemjua, Bi Sikudhani alimkatiza. Sisi hutujui?

Luciana aliunakili ule ufunguo, mistari ya herufi na namba, akautuma. Ukakaa kundini chini ya tangazo la mbuzi aliyepotea.

Dakika hiyo alifika mama mmoja kutoka Kinyangiri, Elina, na tenga la kuku kichwani. Akalitua, akaomba kahawa, akaeleweshwa yote, watu watatu wakisema kwa mpigo. Akatazama msumari, akatazama simu.

– Hapa ufunguo ukichukuliwa, hauko tena msumarini, mnajua umechukuliwa. Huko kwenye simu, mtu akiuchukua, mtajuaje?

Elisha alitazama kundi.

– Tuko mia moja na arobaini na sita, alisema polepole. Kuna mmoja ameshaweka kidole gumba.

– Nani?

– Namba tu. Picha yake pikipiki.

– Nimeufuta! Luciana alipaza sauti. Nimeufuta kwa wote!

– Na huyo wa pikipiki, kama alishauhifadhi? aliuliza Elina, bila ubaya wowote.

Bi Sikudhani aliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa na kahawa ya vikombe viwili bado, akaimwaga yote kwenye majivu.

– Kahawa imekwisha. Elisha, ita bodaboda, mrudi nyumbani na huyu. Ng'oa hilo kufuli, utengeneze jingine na ufunguo wake. Basi halijaondoka.

– Na wa akiba, bibi? aliuliza Elisha.

– Hakuna. Laptop ikipotea, atapanda basi arudi, apachike kufuli jipya kwa mkono wake.

– Nimekosa, bibi, alisema Luciana.

– Nimekosa mimi. Nenda.

Vumbi lilipotulia, akasimama mbele ya msumari, akazipitia funguo kwa kidole, moja moja, akitaja mwenye ufunguo na aliyeruhusiwa kuuchukua. Zilikuwa kumi na moja. Wa sita ulimkwamisha, hakukumbuka aliyeruhusiwa ni nani, akarudia kutoka mwanzo.