Dada Vasugi na Vioo Arobaini na Vitatu

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Vasugi Perumal anafunga miaka thelathini na tisa ya kazi katika Karakana ya Angin Bukit hapa Tapah bondeni, na anastaafu. Bosi Foo ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe, ukurasa mmoja tu, maneno ya heshima. Heshima ipo, ila ukurasa mmoja hautoshi, na Bosi anisamehe. Mimi ni Rosnah wa stoo, nimefanya kazi naye miaka ishirini na sita, na mwanamke huyu bado ananishangaza kila wiki.

Aliingia hapa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, fundi wa kike peke yake kati ya wanaume tisa. Wakampa kazi ya kuchemsha chai. Akachemsha siku tatu. Siku ya nne akawaambia, "Chai iko jikoni, mna miguu," kisha akaingia chini ya dashibodi ya Landrova na hakutoka mpaka jioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba chai. Waliotaka kumwomba walikumbuka macho yake.

Kazi yetu mnaijua. Wakulima wa kabichi na stroberi wa huko milimani wanapenda Landrova kuukuu kama mtu anavyompenda bibi yake. Ina miaka hamsini, inavuja juu na chini, na hawaiuzi ng'o. Gari hizo zilikuja bila kiyoyozi, sisi tunawatengenezea. Dada Vasugi ndiye aliyekuwa akibuni kila kitu: matundu ya hewa, paipu, mabano, na ile sahani yenye swichi anayoizungusha dereva. Akipima kitu kwa kiganja chake kisha ukipime kwa rula, rula ndiyo itakayoona haya. Nimejaribu mara nyingi nikitumaini atakosea hata kidogo, maana na mimi nina roho mbaya kidogo. Wapi!

Lakini alikosea mara moja, na kosa hilo ndilo linalonifanya niandike.

Huku bondeni mtu anatoka jasho akifunga tu vifungo vya shati. Kwa hiyo kila gereji ya huku, kabla ya kuweka kiyoyozi kwenye Landrova, ilikuwa inang'oa hita ili ipate nafasi. Hita! Tuliiona ni kichekesho cha watu wa nchi za baridi. Tulizitupa kwenye chuma chakavu tukicheka. Dada Vasugi alikuwa hodari kuliko wote: dakika arobaini, hita iko chini, paipu zake mbili amezikunja na kuzifunga kwa waya wa manjano, mizunguko miwili. Waya ule ulikuwa sahihi yake.

Tulichosahau ni kwamba gari hizo hazikai bondeni. Zinapanda mlima asubuhi, mawingu yamelala barabarani, ndani kuna watu wanne waliolowa na magunia ya mboga yanayotiririka maji. Kioo cha mbele kinaganda ukungu kwa ndani. Na kitu kinachokausha ukungu huo ni hewa kavu yenye joto, yaani ile ile hita tuliyoitupa.

Machi 2004, Anko Lum Wai Sin, mkulima wa kabichi tuliyemzoea kwa utani wake, alitumbukia na Landrova yake kwenye mashamba ya chai. Yeye alivunjika mtulinga. Mkewe, Anti Siew Lan, aliumia nyonga na mpaka leo anatembelea mkongojo. Dada Vasugi alikwenda kuwaona hospitali na tunda la papai mkononi. Anko Lum akamwambia, "Kioo kilikuwa kama maziwa, Vasu. Nikafuta kwa mkono huu, usukani nimeushika kwa huu. Nikimaliza kufuta, kona imeshanifikia."

Gari lilipoburutwa hadi hapa karakana, Dada alilala chini ya dashibodi. Akaona paipu mbili zilizokunjwa. Waya wa manjano, mizunguko miwili.

Angeweza kunyamaza. Wallahi, nani angejua? Tena kila gereji ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Badala yake alisimama wakati wa chai mbele yetu sote akasema, "Nyonga ya Anti Siew Lan ni mimi." Bosi akashtuka, akamwambia asijitwishe mzigo wa watu wote, hita tulizitoa sote. Dada akamjibu, "Wenzangu wana mikono yao. Mimi nasemea hii yangu." Mficha uchi hazai, wazee walisema, lakini mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifunua kosa lake hivyo mchana kweupe.

Akachukua madaftari ya kazi akayapekua moja moja. Akapata Landrova arobaini na tatu alizozing'oa hita kwa mkono wake. Akaja stoo kwangu na chaki, akaandika namba za mwisho za kila gari kwenye mlango wangu. Mlango niliokuwa nimeupaka rangi wiki iliyotangulia, jamani. Nilipoguna akaniambia, "Rosnah, zikitoka zote utapaka tena."

Kurudisha hita peke yake hakukutosha, kwa sababu nafasi yake sasa ilikuwa imekaliwa na kiyoyozi. Tena dereva aliye kwenye kona hana mkono wa tatu wa kuvuta wenzo huu na kusukuma ule. Ndipo akabuni ile kazi inayofanya watu wa Ipoh na Kuala Lumpur waje kutupiga picha. Alivibana vyote viwili katika sanduku moja: hewa inapita kwanza kwenye baridi, inaacha maji yake, kisha inapita kwenye joto na kupanda kiooni ikiwa kavu. Dereva anazungusha swichi moja tu mpaka alama ya kioo. Swichi ile inafungua maji ya moto ya injini, inawasha kompresa ya kiyoyozi na kuelekeza hewa, vyote kwa mpigo. Hakuna taa, hakuna maandishi. Kuna mkato ambao kidole chenye tope kinausikia bila jicho kuondoka barabarani.

Bosi alikuwa na wasiwasi. "Vasu, nani Malaysia ananunua joto?"

"Hawanunui joto, Bosi. Wananunua kioo."

Ukubwa wa swichi hizo aliupata jikoni kwake. Aling'oa za jiko la gesi akaja nazo kazini kuzijaribu kwa glavu, na mumewe, Kaka Maniam, alikuwa anawasha jiko kwa koleo wiki nzima. Majaribio ndiyo usiseme. Alituchukua wanne tulio wanene, mimi nikiwemo na sioni aibu, akatumwagia maji, akatufungia ndani ya Landrova na magunia ya kabichi mbichi huko juu penye mawingu, akatuamuru tuimbe ili tutoe pumzi nyingi. Sheria yake ilikuwa moja: kioo kiwe cheupe pe, azungushe swichi, na kabla hatujahesabu sitini tuone upande wa pili. Mara ya kwanza tulifika mia mbili na kumi. Tuliimba miezi saba. Siku tuliyofika hamsini na nane Bosi alipiga kelele, Dada akasema, "Bado. Anko Lum hakuwa na hamsini na nane." Tulipofika thelathini na tano ndipo akakubali.

Gari la kwanza kufungwa sanduku hilo lilikuwa la Anko Lum mwenyewe. Kisha yale mengine yakaanza kurudi, baadhi kwa kuitwa kwa barua, mengine kwa kufuatwa. Yaliyokufa alitaka kuziona maiti zake. Kule Ringlet alionyeshwa moja lililogeuzwa banda la kuku. Akainama, akachungulia chini ya dashibodi, kuku wakampigia kelele, akarudi na kufuta namba. Kila mwaka, siku ya kuamkia sikukuu ya Deepavali, alikuja stoo kuzipitia upya kwa chaki namba zilizobaki, zisifutike. Zilikuwa thelathini, zikawa kumi na moja, zikawa nne. Miaka sita iliyopita ikabaki moja: 617. Ilikuwa imeuzwa mara tatu na hakuna aliyejua iko wapi.

Mwaka huu, mkesha wa Deepavali, aliipitia 617 kwa chaki akasimama pale na mgongo umenigeukia. "Siku kumi na mbili, Rosnah," alisema. "Nitakwenda kukaa nyumbani nile vitamu, na kuna mtu huko anaendesha kama kipofu kwa sababu yangu." Nilikwenda nyuma ya rafu za bolti nikalia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu upande wa Kuala Lipis. Natoka na sahani yangu ya nyama ya rendang, naona Landrova ya kijani chini ya turubai la jirani, na kitambaa kimening'inizwa kwa kamba kwenye kioo cha dereva. Kitambaa cha kufutia! Nikazunguka nyuma kusoma namba. Rendang ilikwenda chini yote.

Mwenyewe ni Bah Akeh, mzee wa kabila la Wasemai wa msituni, anayepeleka petai, zile kunde za mitini, na watu wa kijiji chake huko mlimani. Nilimweleza mbio mbio, akanisikiliza kwa upole, akasema haina shida, miaka tisa sasa mkwewe Midah anakaa kando yake na kufuta. "Macho yangu ni mkono wa Midah," alisema. Midah akaguna: "Na mkono umechoka, Baba. Mwezi uliopita nilisinzia, tukasimama nusu tairi hewani." Mzee alikuna kichwa. Nilipomwambia fundi anastaafu Ijumaa na donge moyoni, akauliza tu karakana inafunguliwa saa ngapi.

Jumanne saa mbili asubuhi 617 iliingia getini. Dada Vasugi hakusalimia mtu. Aliingia chini ya dashibodi na tochi, na tulisikia sauti yake kutoka kule ndani: "Ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa wapi?" Alipotoka alikuwa na waya wa manjano mkononi na uso wote umelowa machozi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia kazi ile. Alifunga kila bolti mwenyewe, siku moja na nusu.

Jana asubuhi tulipanda. Bah Akeh kwenye usukani, Midah katikati, Dada upande wa mlango, mimi nyuma na magunia ya petai iliyoloweshwa. Wingu likatukuta. Kioo kikawa maziwa. Midah akainua kitambaa kwa mazoea, na Dada akamshika kiwiko. "Acha. Hesabu." Bah Akeh akazungusha swichi. Tulihesabu sote kwa sauti, na kwenye thelathini na moja kona ikatokea mbele yetu, nzima, na mstari wake mweupe, na ua wa mtu umeanikwa nguo. Bah Akeh akasema, "Kumbe hapa kuna nyumba." Miaka tisa amepita pale.

Midah alibaki na kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi. Akampa Dada Vasugi. Tuliporudi, Dada alikuja nacho stoo, akafuta 617 mlangoni, akakikunja na kukitia kwenye mkoba wake pamoja na ule waya.

Dada yetu, karakana nzima inakushukuru, na shukrani ya kwanza ni ya watu wasiokujua ambao leo wamefika nyumbani. Tunakuombea afya, vitamu kwa wingi, na jiko lenye swichi zake zote. Mlango wangu sasa uko mtupu. Uliniambia nitaupaka rangi, lakini bado napaona pale chaki ilipopita miaka yote hiyo, na rangi sitapaka. Nenda salama, Dada. Na siku ukipanda mlimani, kaa kiti cha mbele uangalie.