Mwalimu Muema wa Darasa la Saa Tisa

Mwalimu Yona Muema Wambua alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 kule Mbooni, mtoto wa tatu wa Mzee Wambua na Mama Kavindu. Mwaka 1958 baba yake alipata shamba katika skimu ya makazi ya Shimba Hills, na familia ikateremka pwani na mbuzi wao na kitanda kimoja. Muema hakuwa amewahi kusikia Kidigo. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kugombana kwa lugha hiyo uwanjani.

Alimalizia shule ya msingi hapa Lukore, ndani ya skimu hiyo, akasoma sekondari Mombasa, kisha akahitimu ualimu mwaka 1968. Chuoni ndiko Kiingereza kilikomnyima raha. Alishangaa kwamba kitenzi kifupi kama "put" kikiandamana na neno dogo huwa ni kuvaa nguo, kikiandamana na jingine huwa ni kuzima moto, na jingine tena, kuahirisha mkutano. Kwetu, alikuwa akisema, neno hujirefusha lenyewe: weka, wekea, wekeana. Mwingereza hukiacha kitenzi kilivyo, akakitafutia mwenzi wa kutembea naye.

Alifundisha watoto wa wakata miwa Ramisi tangu 1969 hadi kiwanda cha sukari kilipofungwa, kisha akahamia Ukunda. Mwaka 1991 alianzisha darasa la wafanyakazi wa hoteli, saa tisa alasiri, katikati ya chakula cha mchana na cha jioni, nyuma ya duka la Bwana Sefu. Hakuandika maneno ubaoni wakariri. Alileta ndoo, taa, shuka na viti. Mmoja alibeba kitu, akakitoa nje, akakirudisha, akakiweka kando, na wenzake wakataja kwa Kiingereza alichokifanya. Issa Matano, mhudumu wa meza huko Diani, alimwuliza siku ya kwanza, "Mwalimu, tumekuja kusoma ama tumekuja kuhama nyumba?"

"Yote mawili, bwana. Kamusi haijawahi kubeba ndoo. Shika kiti hicho."

Alikuwa amemwoa Kaluki, binti wa Mzee Mumo, tarehe 11 Desemba 1971, nao wakajaliwa Ngina, Mumo na Kavindu. Mama Kaluki alilima mihogo hapa Lukore na hakupata kuketi katika darasa la mumewe. Alisema Kiingereza chake kina kelele nyingi za viti.

Agosti 1997, machafuko yalipozuka na watu wa bara wakaambiwa wahame, nyumba yao hapa Lukore ilichomwa upande mmoja. Mama Kaluki alitaka wote warudi Mbooni. Mwalimu aliwasindikiza hadi kituo cha mabasi Mombasa, akapakia mizigo, naye akabaki chini. Mkewe alimwuliza anabaki na nani, hoteli zimefungwa na wageni wamekimbia. Alijibu kwamba Issa na wenzake walikuwa wamekuja darasani jana yake.

"Haya," Mama Kaluki alisema dirishani. "Umewachagua wanafunzi wako."

Gari likaondoka. Alihamia stoo ya Bwana Sefu, akaendelea kuwafundisha watu walioachishwa kazi lugha ya wageni ambao hawakuwapo.

Mwanzoni mwa 1998 koo lilianza kumuuma. Hospitali ilisema ni saratani, na upasuaji wa Agosti ukamwondolea sauti kabisa. Aliwakataza watu wasipeleke habari nyumbani. Issa hakumtii. Mwezi wa Oktoba alisafiri peke yake hadi Mbooni, mahali ambapo pwani ilijulikana tu kwa kuwafukuza watu wao. Ndugu za Mwalimu walimwuliza amekuja kutafuta nini, na hakuna aliyemletea kiti. Alisimama uani, kofia mkononi, mpaka Mama Kaluki alipotoka shambani.

"Shikamoo, mama," akamwambia. "Mwalimu hana sauti tena. Bado anafundisha, lakini anakwisha."

Mama Kaluki alishuka kuja kumchukua. Alimkuta nyuma ya duka, anainua taa, anaizima, anaiwasha, yeye kimya na darasa likisema. Alipomwona mlangoni, Mwalimu alimwonyesha kwa mkono, akawageukia wanafunzi na kungoja jibu kama kawaida. Hatimaye Twaiba, mfua nguo wa hoteli, alijibu kwa Kiingereza, kisha akamgeukia mama. "Anatuuliza wewe umefanya nini. Nimemwambia umerudi."

Mama Kaluki alisema hakurudi, alikuja kumchukua. Hilo hakuna aliyelitia katika Kiingereza.

Alimsihi tangu siku ile, naye akatikisa kichwa. Mama hakumpeleka Mbooni, wala hakumwacha. Darasa liliendelea hadi Aprili 1999, Mwalimu aliposhindwa kuinua hata kikombe. Alifariki dunia tarehe 9 Juni katika hospitali ya Msambweni, mkewe akiwa kando yake.

Ndugu zake walifika na gari la kumpeleka Mbooni. Walisema ardhi iliyomfukuza haistahili mifupa yake, na wengi tuliona wana haki. Mama Kaluki aliwasikiliza hadi mwisho. "Mkimpeleka, itabidi mje mnichukue na mimi nikifa," akasema, "kwa sababu mihogo yangu nimeshaipanda Lukore." Ndiyo maana leo, tarehe 19 Juni, tumesimama hapa, kando ya ukuta ulioungua.

Mwalimu Muema ameacha mjane, Mama Kaluki, atakayekaa peke yake katika nyumba hii. Ameacha mabinti, Ngina na Kavindu, wenye makao yao Nairobi. Ameacha mwana, Mumo, aliyekanyaga pwani leo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1997, na ambaye anaondoka na gari la jioni. Ameacha pia ndugu wawili, wajukuu, na wanafunzi waliochimba kaburi hili kwa mikono yao.

Ee Mungu, mpe Muema utulivu ambao sisi wa pwani hatukumpa.