Redio Amezima

Benchi letu liko Ekerenyo, kando ya steji ya pikipiki za boda. Mimi huketi pale mwisho, juani, nimevaa jaketi mbili. Zamani nilikaa katikati. Waliniita Redio kwa sababu nilikuwa sinyamazi. Mwaka jana nilipasuliwa goita hospitalini, wakatoa tezi yote ya shingo, na siku hizi sauti imekuwa nzito, maneno yanakuja polepole. Nikishapata jibu, wenzangu wamehamia stori nyingine. Sasa wananijadili nikiwa hapa hapa, vikombe vya kahawa mkononi, na inaniuma.

Wakili, ambaye kortini ameingia tu kama mshtakiwa, ndiye alianza.

— Mcheki Redio. Jua hili lote, na anatetemeka.

Daktari, anayedunga ng'ombe sindano, akajibu:

— Ni ile dawa ya usingizi. Haijaisha mwilini.

— Mwaka mzima, Daktari?

— Ndama wa Mogire nilimdunga, akalala siku nne, na huyo alikuwa mdogo.

Kamishna, mzee asiyevua gambuti, vile viatu virefu vya mpira, akatikisa kichwa.

— Hapana. Walitoa ile kitu hushika maneno. Saa hii kuna mtu Nairobi amewekewa, anahubiri nayo.

— Wacheni hizo, Wakili akasema. Uso umejaa, watu hasalimii. Huyu anataka kura za uMCA, kiti cha kaunti. Ameanza maringo mapema.

Wakacheka. Nilitaka kuwaambia ni baridi tu, ndugu zangu, baridi imeniingia mpaka kwa mifupa. Nilipofungua mdomo walikuwa wamefika kwa stori ya bonasi ya wakulima wa chai.

Mama mmoja wa Birongo alikuwa akingoja boda. Akaja akaketi karibu nami, akashusha skafu. Shingoni alikuwa na mshono kama wangu.

— Baba, unaitwa nani?

— Huyo ni Redio, Wakili akadakia, lakini siku hizi...

— Nimemuuliza yeye.

Akangoja. Tangu Pasaka hakuna mtu alikuwa ameningoja.

— Joash.

— Mimi ni Persis. Kidonge cha asubuhi unameza?

— Niliacha. Kidonda... kilipona.

— Kidonge si cha kidonda, baba. Kinafanya kazi ya ile tezi waliyotoa, maisha yako yote. Ukiacha, mwili unapoa, unazima kidogo kidogo. Leo twende hospitali pamoja, usikae hivi. Nani alikwambia uache?

Daktari akachungulia kikombe chake. Kamishna akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa gambuti. Wakili akasema kahawa imeisha, na birika bado lilikuwa linatoa moshi. Wakainuka mmoja mmoja, wakaenda.

Jibu nilikuwa nalo. Waliniambia niache, wote, siku moja, hapa hapa, na niliwaamini kwa sababu sina wengine.

Boda ya Persis ikafika, ikapiga honi. Akaiambia ingoje, akanigeukia tena kungoja jibu langu.