Kitanda cha Watu Wawili

Benchi letu limekaa mkabala na hoteli mpya, ile ya vioo ambayo Garissa nzima inaiita Kioo, kwa kuwa jina lake halisi limeandikwa kwa herufi za kujikunja na hakuna aliyejisumbua kulisoma. Kabla haijajengwa tulikuwa tunatazama mbuzi wakila makaratasi. Sasa tunajitazama wenyewe: wanaume wachache juu ya ubao uliopinda, na Ardo, mama anayetuuzia kahawa ya tangawizi, pembeni na birika lake. Jana alasiri tulimwona mwenzetu Sugow akiingia humo na mkewe Istahil. Sugow tunamwita Lori, maana ameendesha lori la ng'ombe kati ya Wajir na Nairobi mpaka mgongo ukagoma. Binti yao Filsan, anayefanya kazi Nairobi, aliwalipia siku mbili kwa sababu ndoa yao imefikisha miaka thelathini. Istahil alikuwa amepaka hina, na alitupungia mkono. Robo saa haikufika, akatoka peke yake na begi lake, akapanda tuktuk akaenda. Sugow hakutoka. Leo saa nne asubuhi alikuwa bado hajatoka, na sisi tulikuwa na kahawa na midomo.

Aliyeanza ni Noordin, ambaye ni Redio, kwa sababu hazimiki hata betri ikiisha.

Redio: Nilisema jana na nasema tena. Kuna bibi mwingine huko ndani.

Wakili: Una shahidi?

Huyo ni Dagane. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya shamba, kesi ikaahirishwa mara tisa, akarudi nyumbani na sheria zote.

Redio: Shahidi ni mimi! Mke ametoka, bwana amebaki. Anabaki na nani? Na paka?

Wakili: Hiyo kesi haisimami. Sikiliza. Hoteli kubwa inataka cheti cha ndoa. Lori alioa kwa nikaha, shekhe amekufa, mashahidi wawili wamekufa. Kwa hivyo kisheria, jana Lori aliingia na mwanamke asiyejulikana.

Mutiso: Yaani amezini na mke wake wa miaka thelathini?

Wakili: Sisemi mimi. Sheria inasema.

Mutiso ni fundi wa jenereta kutoka Mwingi. Alikuja kwa kazi ya miezi mitatu, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Ana methali ya kila jambo, na zote zinamkaa kama viatu vya kuazima.

Mutiso: Nyinyi mnapoteza wakati. Ni lifti. Mimi nilifunga jenereta ya pale, naijua ile lifti. Lori yuko ndani yake tangu jana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndiyo maana mtoto alilipa mbili tu.

Redio: Jembe la nini hotelini?

Mutiso: La kuvunjia lifti!

Redio: Hapana, walaal, ndugu yangu. Ni vile vioo. Mtu akijiona mara nyingi hivyo, roho inachanganyikiwa, haijui irudi mwili gani. Istahil alishtuka mapema akakimbia. Lori ameganda ukutani. Mchungulie vizuri, gorofa ya pili.

Tukachungulia. Naona haya kusema, lakini tulichungulia kweli, na tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, kama unavyofanya, na Sugow akatoka. Alivuka barabara bila kuangalia magari, yeye dereva. Akaketi mwisho wa benchi, akatoa kwenye mfuko wa plastiki jozi mbili za ndara nyeupe za kitambaa, zile wanazowekea wageni chumbani. Moja ilikuwa imevaliwa. Nyingine ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Redio: Waryaa Lori, kumbe uko hai! Istahil alitoka kwa nini?

Sugow: Yule msichana wa mapokezi ana adabu, wallahi. Alitupatia juisi ya ukwaju. Akasema hongera. Kisha akasema, kitambulisho. Nikatoa yangu. Akasema, na ya mama.

Mutiso: Si ungemwambia mama hana?

Sugow: Nilikuwa nataka. Istahil alinitangulia. Alifungua mkoba, akatoa ile kadi.

Hakuna aliyeuliza kadi gani. Ule mwaka wa ukame mkubwa, miaka kumi na tano sasa, mifugo ilipokwisha, kambi za wakimbizi kule Dadaab zilikuwa na unga, mafuta na maharagwe. Sisi tuliozaliwa hapa, na babu zetu wamezikwa hapa, hatukuwa na kitu. Basi wanawake wetu wakaenda kujiandikisha kuwa wakimbizi. Lori la Sugow ndilo lililowapeleka. Mimi mwenyewe nilimpandisha Nasteho, mama wa watoto wangu. Ardo naye alipanda siku ile. Wakachukuliwa alama za vidole, wakapigwa picha, wakapewa kadi za chakula, tukala. Mvua iliporudi wakaenda kuomba vitambulisho, kompyuta ikasema hawa ni watu wa nchi nyingine. Wanaambiwa wasubiri mpaka leo. Wanaume wengi hatukwenda kuandikishwa. Sisi tulikuwa na vitambulisho vya kuchunga.

Sugow: Istahil hajui kusoma, nyinyi mnajua. Hiyo kadi ndiyo karatasi pekee iko na picha yake. Alimpa yule msichana kwa mikono mbili. Alikuwa anacheka.

Redio: La ilaha illallah.

Sugow: Msichana akaangalia, akaita askari wa mlango. Askari akasema, mama, wewe ni mkimbizi, kibali cha kutoka kambini kiko wapi? Watu wamejaa pale na kompyuta zao. Wote wakageuka.

Wakili: Istahil mkimbizi? Si kisima cha babake kiko Modogashe mpaka leo?

Sugow: Nilisema hivyo. Askari akasema kisima si kitambulisho. Akasema chumba ni halali kwangu, mama aende sasa hivi, ama aite polisi.

Mutiso: Ehe?

Sugow: Istahil akaniambia, kaa. Mtoto ameshalipa, usimvunje moyo. Akachukua begi.

Redio: Na wewe ukakaa.

Sugow: Nikakaa.

Alizungusha mkononi kikombe alichomiminiwa na Ardo, bila kunywa. Kisha akatusimulia chumba, ingawa hatukumwuliza. Kitanda kilikuwa kikubwa, cha watu wawili, kimemwagiwa maua mekundu. Kulikuwa na keki iliyoandikwa Sugow na Istahil.

Sugow: Nililala pembeni tu. Upande wake sikugusa. Saa mbili Filsan alipiga simu, anataka kuongea na mama yake. Nikamwambia yuko bafuni. Baada ya saa moja akapiga tena. Nikasema bado yuko bafuni. Akacheka, akasema mwache hooyo afurahie maji ya moto.

Hapo ndipo tungenyamaza. Lakini kijiwe hakijui kunyamaza, na tulikuwa na hofu ya kile kitakachosikika tukinyamaza.

Wakili: Tunashtaki! Hoteli, askari, na yule aliyetengeneza kompyuta. Kesi moja, washtakiwa watatu.

Redio: Kompyuta haina makosa, walaal. Ni ramani. Kuna ramani ya siri, Garissa haiko Kenya, imepita upande ule wa mpaka. Ndio maana hata barabara inakatika.

Mutiso: Subira huvuta heri. Haraka haraka haina baraka. Miaka kumi na tano si mingi.

Redio: Nyamaza wewe, mama yako ana kitambulisho!

Wakili: Na kwa nini yule msichana hakuficha ile kadi? Angeficha tu! Kosa ni lake.

Redio: Kosa ni la askari. Huyo si mtu wa hapa.

Mutiso: Mbona unaniangalia mimi?

Mimi nilisema kosa ni la ukame. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, nikaona wenzangu wanaitikia kwa vichwa, na nikajisikia nafuu kidogo. Ukame haujibu.

Hatukuwa tumemwona mwalimu Gacheri. Ni mgeni kutoka Meru, ameletwa muhula huu katika shule iliyo nyuma ya soko, na huja saa ya mapumziko kununua kahawa. Alikuwa amesimama nyuma yetu kitambo, kikombe mkononi, akisubiri Ardo amwagie. Ardo alikuwa ameshika birika hewani na hamimini.

Gacheri: Samahani mzee. Naomba kuuliza.

Sugow: Uliza, mwalimu.

Gacheri: Kwa nini hukutoka naye?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza vile mtu anavyouliza njia.

Sugow aliangalia zile ndara mpya kwenye karatasi yake, akazigeuza, kana kwamba jibu limeandikwa upande wa pili. Wakili alisema, "Kisheria," akaishia hapo. Mutiso akasogea, akamwachia mwalimu nafasi kwenye benchi. Nami nilimkumbuka Nasteho juu ya lori, mtoto mgongoni, akiniuliza, wewe huji? Nilimjibu kitu siku ile. Sikumbuki nilimjibu nini.

Ng'ambo ya barabara tulionekana wote kwenye vioo, tumekaa sawasawa.

Ardo akaanza kutunyang'anya vikombe kimoja kimoja, hata cha Sugow ambacho kilikuwa bado kimejaa. Akakimwaga mchangani.

"Kahawa imekwisha," akasema.

Akanyanyua birika aondoke, nasi tukaisikia kahawa ikicheza ndani.